Ng'ombe wa Jirani Katika Shamba Lako

 

Imetufikia barua kutoka Khayega, katika Kakamega, imeandikwa na ndugu yetu mmoja mtu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara. Ana duka sokoni, na nyuma ya nyumba yake ana robo eka ya ardhi aliyoinunua, amepanda mahindi, maharagwe, sukuma wiki na migomba michache. Anasema ng'ombe wa jirani yake amekata kamba usiku mara tatu katika msimu mmoja, akamlia mahindi yaliyokwisha kufika magotini, na mara ya tatu akayakanyaga maharagwe hata halikubaki tuta zima. Jirani huyo si Mwislamu. Kila mara huja asubuhi, husema neno moja mawili, humshika ng'ombe wake akenda zake.

Ndugu yetu anatuuliza mambo matatu. Je, jirani yampasa kulipa? Je, yafaa amzuie ng'ombe huyo kwake mpaka alipwe, na kwa siku hizo amkame maziwa? Na la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tulijibu jambo hili mbele ya wasomaji wote wala si kwa barua peke yake: kuna rafiki yake wa huku kwetu amemshauri alete pesa asomewe Halbadiri, ili jirani ashike adabu.

Wengi katika wasomaji wetu hawajafika Khayega, basi tuwaeleze kidogo, maana hukumu ya jambo hili, kama mtakavyoona, imefungamana na hali ya mahali. Khayega ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega, katika nchi ya Waisukha, hapo inapochepuka njia ya kwenda Shinyalu. Mvua ni nyingi, udongo ni mzuri, na watu ni wengi kuliko ardhi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kakamega nzima ilionekana ina watu zaidi ya 1,860,000, yaani zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Kwa hivyo shamba la mtu huanza pale lilipokwisha la mwenziwe, na mpaka wenyewe ni safu ya miti au majani tu. Malisho ya wazi ni haba sana. Ng'ombe hufungwa kamba kando ya njia, au huwekwa zizini akaletewa majani. Mbuzi naye ana kamba yake na mambo yake. Hata mafahali wa kupiganishwa, ambao Waisukha na Waidakho wanajulikana kwao, hushikwa na kuongozwa na watu.

Sasa tuitazame dini yetu imesema nini.

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, kisa cha Nabii Daudi na Nabii Sulaimani, amani iwe juu yao, walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa na kondoo wa watu. Mitume wawili, baba na mwana, wafalme wote wawili, na shauri lililoletwa mbele yao ni wanyama kula mazao ya jirani. Hili peke yake latosha kumrudi yule anayesema kwamba mambo ya mbuzi na mchicha si ya kuwasumbua masheikh. Tena lile neno lililotumiwa katika aya kwa ule ulishaji, wajuzi wa lugha ya Kiarabu wamesema maana yake ni wanyama kulisha usiku bila ya mchunga. Usiku umetajwa ndani ya neno lenyewe, na mtaona faida yake hivi punde.

Wafasiri wamepokea kwamba Nabii Daudi aliona thamani ya mazao yaliyoharibiwa ni sawa na thamani ya kondoo, basi akahukumu kondoo wote wapewe mwenye shamba. Nabii Sulaimani, naye alikuwa bado kijana, akaona njia nyingine iliyo nyepesi kwa wote wawili: mwenye shamba apewe kondoo kwa muda, apate maziwa yao na sufu yao na watoto wao, na mwenye kondoo apewe shamba alilime na kulihudumia mpaka lirudi kama lilivyokuwa usiku ule lilipoingiliwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Qur'ani imesema kwamba Sulaimani ndiye aliyefahamishwa hukumu ile, lakini hapo hapo ikasema kwamba wote wawili walipewa hekima na elimu. Hakulaumiwa yeyote. Na tazama jambo moja ambalo wasimulizi wetu hulipita mbio: katika hukumu zote mbili mwenye wanyama ndiye aliyelipa. Hakuna aliyemwambia mwenye shamba asamehe tu kwa kuwa mnyama hana akili. Mnyama hana akili, kweli, lakini mwenyewe anazo.

Ama katika sheria yetu sisi umma wa Muhammad, asili ya jambo hili ni Hadithi iliyopokewa na Imamu Malik, na Abu Daud, na Ibn Majah na wengineo, ya ngamia wa sahaba Al-Baraa bin Azib. Ngamia huyo aliingia katika bustani ya watu katika Madina akaharibu. Shauri likapelekwa kwa Mtume (s.a.w.), naye akahukumu kwamba kulinda mabustani mchana ni juu ya wenye mabustani, na kuwalinda wanyama usiku ni juu ya wenye wanyama, na kwamba kinachoharibiwa na wanyama usiku wenyewe watakilipa. Hukumu hii imeugawa mzigo. Mchana mkulima yupo shambani kwake na macho anayo, na wanyama hawana budi kutoka kulisha, basi alinde. Usiku mkulima amelala, na haki yake ni kulala, basi mfugaji afunge.

Imamu Shafi'i, na Imamu Malik, na Imamu Ahmad wameishika Hadithi hii. Imamu Abu Hanifa ameona kwamba mnyama aliyeponyoka mwenyewe, bila ya mtu kuwa pamoja naye, mwenyewe hana dhamana usiku wala mchana, naye ameshika Hadithi nyingine iliyo sahihi kwamba madhara ya mnyama hayana malipo. Maulamaa wetu wamejibu kuwa Hadithi hiyo ni ya jumla, na ile ya ngamia wa Al-Baraa imeihusisha. Hatutaki kulirefusha hili. Wanaotaka hoja zote waje darsani.

Kwa mujibu wa madhehebu yetu, basi, na kama alivyoandika Imamu Nawawi katika Minhaj, mnyama akiwa pamoja na mtu, awe amempanda au anamwongoza au anamswaga, mtu huyo hulipa kila alichokiharibu mnyama, usiku na mchana. Mnyama akiwa peke yake, mwenyewe hulipa cha usiku, wala halipi cha mchana. Lakini wametoa hali mbili tatu ambazo hata usiku hakuna malipo. Ya kwanza, ikiwa mwenye mnyama hakufanya uzembe: amemfunga kamba nzima, mahali pa kufungwa, kisha likatokea lisilokuwa katika uwezo wake, kama mwizi kuifungua ile kamba. Ya pili, ikiwa mwenye shamba yupo, amemwona mnyama anakula, na aliweza kumfukuza, akanyamaza ili apate deni. Ya tatu, ikiwa shamba lina ukuta na mlango, naye mwenyewe akauacha mlango wazi.

Sasa ndugu yetu wa Khayega atazame mwenyewe. Kamba kukatika mara moja huenda ikawa ni jambo la kudra. Kamba kukatika mara tatu katika msimu mmoja si kamba tena, ni mwenyewe. Mwanachuoni huyo huyo amemtaja paka aliyezoea kula ndege wa watu na kufunua vyungu vyao, kwamba mwenye kumfuga hulipa usiku na mchana, kwa kuwa tabia yake imekwisha kujulikana na yapasa azuiwe. Ikiwa hivi ndivyo kwa paka, ng'ombe aliyekwisha kuijua njia ya shamba la jirani ana hoja gani? Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni: ndiyo, jirani yampasa kulipa.

Tena kuna jambo ambalo ndugu yetu hakuuliza, nasi twaliona lina faida zaidi kwa watu wa mahali kama Khayega. Nalo ni la mchana. Mtu asiyesoma isipokuwa ile sentensi moja ya Hadithi atasema: mchana mfugaji hana lawama, na awaachilie mbuzi wake. Maulamaa hawakusema hivyo kwa kila mahali. Wameieleza sababu ya hukumu kuwa ni desturi ya watu, hata wakasema kwamba pakipatikana mji ambao desturi yake ni kuwaachilia wanyama usiku na kuwafunga mchana, hukumu itageuka kwa kufuata desturi hiyo. Na Sheikh Khatib Shirbini, katika sherehe yake ya Minhaj, ameitaja hali ya malisho yaliyo katikati ya makonde, ambapo haikuzoeleka kumwachilia mnyama bila ya mchunga: mwenye kumwachilia hapo amefanya uzembe, naye hulipa hata cha mchana. Ndugu zangu, mtu huyu ameishi Misri zaidi ya miaka 450 iliyopita, na maneno yake yanaingia Khayega kama mguu katika kiatu chake. Robo eka kwa robo eka, migomba kwa mahindi, wapi ng'ombe atatembea peke yake asile cha mtu? Basi huko dhamana ni ya mwenye mnyama mchana na usiku, na mkulima halazimiki kukaa ameshika fimbo tangu asubuhi.

Ama kuku, twajua mtatuuliza kuku. Maulamaa wamesema kuhusu njiwa kwamba mwenyewe halipi punje walizodonoa, kwa kuwa desturi ya watu wote ni kuwaachilia. Kuku naye katika miji yetu na huko Kakamega desturi yake ni kutembea, basi mwenye mche wake na auzungushie kitu. Isipokuwa akiwa ni yule kuku mmoja maalumu, ambaye mtaa mzima unamjua. Huyo mrudisheni kwa yule paka.

Swali la pili: kumzuia ng'ombe na kumkama. Hapa lazima tueleze kwa urefu kidogo, maana watu wengi wakishaona wamedhulumiwa, hudhani kila watakalofanya baada ya hapo ni halali.

Mnyama akiingia shambani kwako una haki ya kumfukuza, kwa kadiri ya haja. Ukimpiga jiwe ukamvunja mguu hali fimbo ilitosha, wewe ndiye mwenye deni. Ukimkimbiza mbali kupita haja, akapotea, wewe ndiye mwenye deni. Na ukimtoa shambani kwako ukamtia katika shamba la jirani wa pili, uliyemlisha mazao ya yule wa pili ni wewe. Wanavyuoni wamefikia hata kusema: ikiwa shamba lako limezungukwa na mashamba ya watu, na mnyama hawezi kutoka ila kwa kupita humo, basi usiilinde mali yako kwa mali ya mwingine, mwache, kisha umdai mwenyewe. Laiti kila mwenye hasira angeisoma mas'ala hii kabla ya kuliokota jiwe.

Yafaa umshike ng'ombe ili asizidi kuharibu na ili umrudishe kwa mwenyewe, tena umpelekee habari mara moja. Kumficha, au kumfunga bila majani na maji ili mwenyewe aumie moyo, ni haramu. Katika Hadithi zilizo sahihi kuna mwanamke aliyetiwa Motoni kwa paka aliyemfungia asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ng'ombe ni mkubwa kuliko paka. Na akifa katika kamba yako, deni lililokuwa lako limekuwa juu yako, na huenda likawa mara kumi ya mahindi yaliyoliwa. Sumu na panga hatuna haja ya kuvitaja kwa urefu. Ni haramu katika sheria ya Mwenyezi Mungu na ni kosa la jinai katika sheria ya Kenya.

Ama maziwa, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukama mnyama wa mtu bila idhini yake, akapiga mfano wa chumba cha akiba ambacho mwenyewe hapendi mtu aje akivunje na kukitoa chakula chake, na akasema viwele vya wanyama ndiyo ghala za wenyewe. Huenda mtu akatuambia: je, Nabii Sulaimani hakumpa mwenye shamba maziwa ya kondoo? Alimpa, naam. Lakini alimpa yeye, hakimu, baada ya kuwasikiliza wote wawili, na kwa kipimo, na kwa badala ya kazi aliyopewa yule mwingine. Hakuruhusu kila mtu awe Sulaimani wa nyumba yake. Lililokuwa hukumu kwa Nabii Sulaimani yaweza kuwa suluhu kwetu, wakiridhiana wenyewe: jirani hana fedha, lakini ana ng'ombe wa maziwa, ana samadi, ana mikono. Akubali kuleta chupa ya maziwa kila siku kwa muda watakaoutaja, au alete samadi na kupanda upya matuta yale yaliyokanyagwa. Hili ni jema, na twaona ni bora kuliko kuhesabiana shilingi. Lakini liwe kwa ridhaa, na liwe na mwisho unaojulikana.

Na kiasi cha deni ni nini? Katika madhehebu yetu ni thamani ya mazao siku yalipoharibiwa. Mahindi ya magotini ni mahindi ya magotini. Haimfai ndugu yetu kudai magunia ambayo angeyavuna mwezi wa Agosti, maana kati ya Mei na Agosti kuna mvua ya mawe, na funza, na amri za Mwenyezi Mungu asizozijua yeye wala jirani. Watazame watu wawili waadilifu wenye kujua kilimo. Na huko bara mara nyingi huitwa afisa wa kilimo akaliona shamba na kuandika alichokiona. Hilo halina ubaya wowote katika dini.

Sasa tufike kwenye Halbadiri.

Tumeisoma barua ya ndugu yetu mara mbili, tukaisoma tena mara ya tatu, tukitafuta mahali anaposema kwamba alimwambia jirani yake: mahindi yangu yameliwa, nataka unilipe kadha wa kadha. Hatukupaona. Amesema jirani huja asubuhi akamchukua ng'ombe. Amesema moyo wake umejaa. Amesema rafiki yake amempa shauri. Lakini neno la kumwambia mtu mwenyewe, uso kwa uso, halimo. Mtu yuko tayari kutoa pesa, azipeleke zaidi ya kilomita 800, wakusanyike watu wasome juu ya kichwa cha jirani ili apatwe na maradhi au msiba, na hayuko tayari kupita safu ya miti akabisha hodi!

Masahaba wa Badri, Mwenyezi Mungu awe radhi nao, walitoka katika mwaka wa pili wa Hijra, watu mia tatu na zaidi kidogo, wakalikabili jeshi lililowazidi karibu mara tatu, kwa ajili ya kuliinua neno la Mwenyezi Mungu. Leo majina yao matukufu yamegeuzwa kuwa silaha ya kukodi: mwizi wa kuku, asomewe, mke mwenza, asomewe, ng'ombe amekata kamba, asomewe. Nani katika masahaba alifanya hivyo? Mwenye bustani aliyeharibiwa na ngamia wa Al-Baraa alikuwa na Mtume mwenyewe katika mji wake, ambaye dua yake ni yenye kujibiwa. Hakumwomba amlaani Al-Baraa. Alipeleka shauri, akapewa hukumu, wakaondoka wote wawili wakiwa ni Waislamu na majirani kama walivyokuja.

Tusifahamiwe vibaya. Dua ya mwenye kudhulumiwa ni haki yake, na haina kizuizi baina yake na Mwenyezi Mungu. Haihitaji msomaji wa kulipwa, wala sinia ya halua, wala kuwaita watu waliokufa. Lakini aliyedhulumiwa akiomba alipwe zaidi ya alichodhulumiwa, amevuka mpaka akawa dhalimu. Mahindi matuta sita, na wewe unaomba tumbo la mtu livimbe? Na hao watoto wa jirani, wao walikula nini? Na wale wanaozika vikago pembeni mwa shamba, au kutundika hirizi juu ya mpapai, twawauliza: mbuzi anajua kusoma? Kinachomzuia mbuzi ni ua na kamba. Kago halimzuii mbuzi. Humtisha binadamu tu, na humtia mwenye kago katika ushirikina kwa bei ya miche ya sukuma wiki.

Tena ushauri huu umetoka kwetu, pwani, kwenda kwa mtu anayekaa miongoni mwa wasiokuwa Waislamu. Ndiyo daawa tunayoipeleka Khayega? Waseme watu wa huko kwamba Waislamu ni wale ambao ukikosana nao hukulaani gizani? Mtume (s.a.w.) alisema Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Abdallah bin Amr, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa, na hoja yake ilikuwa ni Hadithi hii hii. Kwa hivyo kwamba jirani si Mwislamu hakupunguzi chochote katika haki yake. Hata akiwa anafuga nguruwe, na nguruwe akaingia shambani, unajisi wa mnyama yule kwako si ruhusa ya kulichukua panga. Mfukuze, osha kilichohitaji kuoshwa, kisha dai haki yako kama ambavyo ungedai kwa ng'ombe.

Sasa afanye nini, hatua kwa hatua? Aende kwa jirani mchana, si usiku, wala si mara tu baada ya uharibifu, hasira ingali moto. Aende na mtu mmoja mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili. Aonyeshe hasara, ataje kiasi. Kama jirani atakubali, waandike. Kama atakataa, shauri liende kwa liguru, yaani mzee wa kijiji kama wanavyomwita huko, kisha kwa naibu wa chifu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, imeagiza mahakama zikuze njia za usuluhishi, zikiwamo zile za wazee. Na suluhu katika dini yetu ni jambo jema maadamu haihalalishi haramu wala haiharimishi halali.

Kadhi hana uwezo hapa, na hili twalisema kwa kuwa wengi hawalijui. Kifungu cha 170 cha Katiba hiyo kimemwekea Kadhi mambo ya ndoa na talaka, hadhi ya mtu na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa naye. Mbuzi wa jirani hayumo. Kwa hivyo hukumu yote tuliyoieleza ya usiku na mchana haina askari wa kuitekeleza ila taqwa ya mwenyewe. Mwislamu ambaye mbuzi wake amekula cha mtu usiku asingoje kuitwa; deni limekwisha kumwandama tangu alfajiri, hata kama mwenye shamba hakumjua mbuzi ni wa nani.

Na hapa twageukia kwetu wenyewe, maana msidhani makala haya ni ya kuwasema watu wa bara. Punda wa Lamu akitoka kazini hufunguliwa akajitafutia vichochoroni. Mbuzi katika mitaa yetu ya Mombasa huamka kabla ya muadhini. Na kila mwaka, siku chache kabla ya Idi ya mfunguo tatu, mtu hununua mbuzi wa kuchinja, na kwa kuwa nyumba yake haina ua, humwachilia mtaani ajilishe, akala mchicha wa mjane aliyepanda katika madebe mbele ya mlango wake. Kisha asubuhi ya Idi mbuzi yule huchinjwa kwa takbiri, na nyama ikagawiwa kwa ridhaa ya Mwenyezi Mungu, na mjane akaletewa fungu lake la utumbo. Mchicha wake nani amemlipa?

Wala jambo hili si dogo kwa kuwa limeanza na majani. Katika mto wa Tana, baina ya Agosti 2012 na Januari 2013, wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma waliuana hata wakafa watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwamo, na katika pande zote mbili walikuwamo wenye kuelekea kibla kimoja. Kabla yake, katika Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni katika Kilosa, Tanzania, waliuawa watu 38 katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Siasa ziliingia, na ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa wa siku nyingi. Hatusemi yote yalikuwa ni ng'ombe mmoja na tuta moja. Lakini kila ng'ombe aliyeingia shambani na mwenyewe asilipe, na kila mkulima aliyenyamaza leo ili alipize kesho, alitia kuni katika moto ule.

Limebaki jambo moja katika barua, nalo ni dogo. Ndugu yetu anasema yuko tayari kutia ua wa miti ya miiba mpakani, lakini anataka jirani achangie nusu. Jirani halazimiki kuchangia; wajibu wake ni kumfunga ng'ombe wake na kulipa alichokiharibu. Akichangia kwa hiari yake ni wema. Na ndugu yetu akiupanda ua kwa gharama yake, aupande ndani ya mpaka wake, asiingie hata shubiri moja upande wa pili, na matawi yatakapotanda kwa jirani ayakate akiambiwa. Pesa alizotaka kuzileta huku kwa ajili ya Halbadiri zitanunua miche ya kutosha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.